Mahiwa: nani alishinda, na unafikaje

Hapana ndugu unayesema vita vya Mahiwa, vile vya Vita Kuu ya Kwanza, walishinda Waingereza na kwamba Mahiwa iko Masasi: hawakushinda Waingereza, na wala si Masasi. Ni Lindi, jirani na Nyangao, na siku zile nne za tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917 aliyebaki na uwanja ni Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi la Mjerumani huku Afrika Mashariki. Waingereza walipoteza watu zaidi ya 2,000 kati ya karibu 5,000, waliokufa na majeruhi pamoja. Sehemu kubwa ya hao "Waingereza" walikuwa vijana wa Nigeria, wanapigana na askari weusi wenzao wa upande wa Mjerumani.

Ila ushindi wenyewe ulimtokea puani. Naye alipoteza zaidi ya 500 katika watu kama 1,500, risasi zikakaribia kwisha, na mwezi uliofuata akavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Labda ndiyo maana watu wanachanganya.

Kwenda ni rahisi: shuka Mnazi Mmoja ya huku Lindi, pale wanapokukimbilia dirishani na samaki wa kukaanga, panda gari la Masasi, utapita Mtama kisha Nyangao. Usiende ukitegemea mizinga imepangwa kwenye vioo. Utakachoona zaidi ni mikorosho na bonde la Lukuledi. Ingia kwanza ofisi ya kijiji, omba mzee akutembeze. Mimi ni mtu wa huku, hayo ya wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita nimeyasikia kwa wazee kabla sijayasoma popote.