Kimbunga kimepita, projekti za darasa zimekwama: tuanze upya au tuache?

SWALI: Shkamoo Mama. Mimi ni mwalimu wa darasa la sita, shule ya msingi huku Mafia, naomba jina la shule lisitajwe. Kile kimbunga Hidaya cha tarehe 4 Mei 2024 kilitupitia hapahapa kisiwani, darasa letu likatoka mabati upande mmoja na mvua yote ikaishia kwenye kabati la vitabu. Tangu Januari tulikua na projekti tatu, watoto wanapima mvua kwa chupa za plastiki tulizokata, tuna bustani ya mchicha na bamia, alafu kuna kitalu cha mikoko kule pwani. Chupa zimebaki moja tu, daftari la mvua limelowa na sasa lina ukungu, bustani imeungua na maji ya chumvi, mikoko sijui hata niseme nini. Baada ya hapo ikaja likizo, mwezi wa saba tumefungua na watoto kila siku wananiuliza ticha vipi projekti, mi sina jibu. Mwalimu mkuu anasema tumalize mada za silabasi kwanza, na wenzangu ofisini wanasema kimbunga kwetu ni bahati mbaya ya mara moja, hakirudi tena, nisahau nianze upya mwakani na darasa jingine. Nifanyeje Mama?

JIBU: Marahaba mwanangu, na poleni sana wewe na watoto na wazazi wao. Kwanza nikwambie ukweli, watoto wanaouliza projekti iko wapi miezi miwili baada ya paa kung'oka ni watoto ambao umewafundisha vizuri sana, kwahiyo usiwaache mpaka mwakani.

Ushauri wangu ni huu: usianze upya na wala usiache. Endelea kuanzia pale mlipokatikia, na ule mkatiko wenyewe uandikwe ndani ya projekti. Walimu wengi wakipata msukosuko wanatupa daftari la zamani wanafungua jipya safi, lina jalada zuri, tarehe zinaanza Julai, kama vile Mei haikuwepo. Sasa hapo mtoto anajifunza nini? Anajifunza kwamba kipimo kikiharibika unakificha.

Chukua hilo daftari la mvua. Lipeleke nje penye kivuli na upepo, sio juani maana karatasi itajikunja na wino utapauka, na kurasa zilizogandana usizibandue zikiwa mbichi, zitachanika. Likikauka kabisa fagia ule ukungu kwa brashi laini, ukiwa umejifunga kitambaa puani, na kazi hii fanya wewe mwenyewe, mtoto mwenye pumu asisogee kabisa. Na siku nyingine vitabu vikilowa mkawa hamna muda wa kuvikausha hapohapo, vifunge kwenye mifuko ya plastiki muombe nafasi kwenye friza la wavuvi, ukungu huwa unaanza ndani ya siku mbili tatu lakini kwenye baridi ile hauoti, mtavitoa baadae kidogokidogo. Hata wahifadhi nyaraka wanafanya hivohivo.

Likishakuwa safi, wakae watoto wawiliwawili, mmoja anasoma namba kwa sauti mwenzie anaandika kwenye daftari jipya. Namba isiyosomeka wanaweka alama ya kuuliza, hakuna kubahatisha. Na zile siku ambazo chupa zilikua zimesombwa wanaacha wazi na pembeni wanaandika sababu, "kipimo kilianguka". Hapa simama nao kwa muda mrefu mwanangu, maana ndio somo lenyewe: sifuri maana yake tulipima na mvua haikunyesha, wazi maana yake hatukupima. Ukijaza sifuri kwenye siku za kimbunga, wastani wa Mei utatoka kana kwamba Mei ilikua kavu, wakati nyinyi mlikua mnakinga maji yanayovuja ndani ya darasa! Waambie wapige hesabu zote mbili, ya kweli na ya kujaza sifuri, waone tofauti kwa macho yao. Alafu andikeni barua kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, kuomba takwimu za siku hizo. Mkizipata ziandikwe kwa kalamu ya rangi nyingine ili ijulikane sio za kwenu.

Chupa moja iliyobaki inatosha kuanza kesho. Kama chini ina mabonde weka kokoto, mimina maji mpaka yazifunike, hapo ndio alama ya sifuri, kile kichwa ulichokata kigeuze kiwe faneli, na muisome kila siku saa tatu asubuhi bila kubadilisha saa. Ifungwe kwenye nguzo imara, mbali na mti na ukuta.

Kuhusu mwalimu mkuu, mi namuelewa, na yeye anabanwa. Usiende kubishana nae, nenda na daftari la Hisabati mkononi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwenye kila mita moja ya mraba, kwahiyo kama paa la darasa ni mita 8 kwa 6, eneo lake 48, mvua ya milimita 10 ikinyesha ni lita 480, ni ndoo 24 za lita ishirini zinazomwagika chini bure. Hapo una eneo, una ujazo, una wastani, una grafu, vyote vya kwenye silabasi. Na kama paa linatengenezwa sasa hivi, hizo ndoo 24 zipeleke kwa kamati ya shule kabla fundi hajashuka, labda watakumbuka na gata. Ila usianzishe michango kwa wazazi wakati huu, kuna nyumba bado zina turubai.

Bustani nayo usiifufue yote kwa mkupuo, jua kwanza imeharibika wapi. Mchukue makopo matatu, moja la udongo wa upande wa chini ulioingia maji, moja la upande wa juu, la tatu udongo uleule wa chini ila mmeumwagia maji yasiyo na chumvi mara kadhaa na kopo lina matundu yakatoka yote. Pandeni kunde kumikumi, kunde haina maringo, ndani ya wiki mtahesabu zilizoota. Likikubali la tatu basi mvua zitawasaidia kusafisha chumvi na mna cha kungojea, likikataa hamisheni tuta. Watoto wenyewe ndio waamue kutokana na hesabu, sio wewe.

Mikoko ndio inahitaji subira. Baada ya bahari kuchafuka zile mbegu ndefu za mkoko huwa zinaelea na kutupwa ufukweni, mnaweza kuokota zile ngumu za kijani zisizo na matundu ya wadudu. Lakini msipande popote penye tope! Kila aina ya mikoko ina mahali pake, mlilana hukaa mbele unakopigwa na bahari, mchu hupenda zaidi nyuma kwenye nchi kavu kidogo, na pahali ambapo wazee wanakwambia hapajawahi kuwa na mikoko usipoteze nguvu za watoto hapo. Misitu ya mikoko ni hifadhi kisheria, kwahiyo muone afisa wa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, kwanza, na siku za kwenda mchague maji kupwa mkiwa na mtu mzima anaejua kujaa kwake.

Sasa hao wenzako wa ofisini. Kweli vimbunga kwetu ni nadra, tuko karibu na ikweta na Madagascar inatukinga sana, lakini nadra sio kamwe. Tarehe 15 Aprili 1872 Unguja ilipigwa, sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ikalala chini, Pemba haikuumia kiasi kile na ndio maana karafuu nyingi mpaka leo zinatoka Pemba. Aprili 1952 kikapiga Lindi, watu wakafa. Na leo tunayajua haya kwa sababu kuna watu waliandika. Hili darasa lako ndio lenye daftari la Mei 2024 kutoka kijijini kwenu, nani mwingine analo? Watume wakawaulize mababu na mabibi kama kuna walichosikia cha 1952, waandike jina la aliesema na alikua wapi.

La mwisho, na hili naliweka moyoni sana. Kuna watoto mpaka leo upepo ukigonga bati wanashtuka. Usiwape insha ya lazima ya "siku ya kimbunga", anaetaka kusimulia atasimulia mwenyewe siku akiwa tayari. Mpe kazi yenye jina lake, wewe ndie msomaji wa kipimo wiki hii, saa tatu nakutegemea. Mtoto ambae mambo yote yalibadilika usiku mmoja anapumzika akiwa na kitu kimoja kinachofanyika saa ileile kila siku. Ukiona hapati usingizi, hataki kula, amenyamaza wiki na wiki, zungumza na mzazi mapema mwende wote hospitali. Na picha zao wakiwa kwenye darasa lililobomoka tafadhali usizirushe mtandaoni.

SWALI: Jambo Mama, mimi niko Houston, Texas. Siku ya Jumamosi tuko na darasa la Kiswahili la watoto wa kwetu, wengi wazazi wao walitoka Uvira na Bukavu, kule Kongo. Watoto walikuwa wanarekodi wazee kwa simu, habari za uvuvi wa kwenye ziwa na namna waliishi zamani. Mwezi wa saba 2024 kimbunga Beryl kikapiga, umeme ukakatika siku nyingi, familia zingine zimehama nyumba, na darasa limebaki nusu. Tungoje wote warudi?

JIBU: Poleni sana ndugu yangu, nimefuatilia, zaidi ya wateja milioni 2 walikosa umeme kwenye joto lile la Julai, na wazee ndio huumia zaidi.

Msingoje. Wengine hawatarudi mtaa ule tena, hata baada ya kimbunga Katrina mwaka 2005 familia nyingi za New Orleans zilihamia hukohuko Houston na watoto wakaandikishwa shule mpya, wengi wakabaki moja kwa moja. Kwahiyo projekti iwafuate watoto walipo. Aliehamia mbali anarekodi bibi yake hukohuko anatuma kwa WhatsApp, Jumamosi mnasikiliza wote na yeye yuko hewani.

Na kama mnataka kitu cha kuwachangamsha, wapeni picha mbili za setilaiti, ya Beryl na ya Hidaya, wafuate mikono ya mawingu kwa kidole: ya kwenu inazunguka kinyume cha saa, ya kwetu kusini ya ikweta inazunguka kama mshale wa saa. Muulizeni mwalimu yeyote wa sayansi kwenye shule zao awaeleze sababu, ni mzunguko wa dunia yenyewe.

Ila kwenye rekodi muwe wakali. Muombeni mzee ruhusa kabla, aanze kwa kutaja jina lake, kijiji na mwaka anaousimulia, na nakala zikae sehemu tatu: kwenye simu, kwenye flashi ya nyumba nyingine, na kwenye akaunti ya mtandaoni. Kila faili lipewe jina la mzee, mahali na tarehe siku hiyohiyo, maana mkiacha zile namba zinazowekwa na simu, mwakani hamtajua nani alikua anaongea.