Maswali ya Wasomaji: Saikolojia ya tiba au ya kazini?

SWALI: Ninasoma mwaka wa mwisho wa shahada ya saikolojia hapa Eldoret na ninataka kuendelea na uzamili, ila sijaamua kati ya saikolojia ya tiba na saikolojia ya kazi na mashirika. Mjomba wangu, ambaye ni meneja wa rasilimali watu, anasema usaili sasa unafanywa na kompyuta, kwa hiyo nitasomea kazi isiyokuwepo. Wenzangu nao wanasema watu wameanza kuzieleza shida zao kwa programu za kwenye simu badala ya kumwona mtaalamu. Ni kazi ipi itakayoathiriwa zaidi na akili unde?

JIBU: Kuhusu usaili, mjomba wako hajakosea. Kuchuja wasifu wa mamia ya waombaji, kusahihisha vipimo vya haiba na kuandika ripoti fupi ya kila msailiwa ni shughuli ambazo programu inazimaliza haraka na kwa gharama ndogo, na ndizo hizo ambazo mhitimu mpya hupewa ili ajifunzie. Kwa maoni yangu, saikolojia ya kazini itatikiswa mapema kuliko ile ya tiba, na atakayeumia kwanza ni anayeanza.

Hata hivyo, tazama yaliyoikuta Amazon. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba kampuni hiyo ilikuwa imeiacha programu yake ya majaribio ya kuchuja waombaji, kwa sababu ilifunzwa kwa wasifu wa waombaji wa kipindi cha miaka 10, wengi wao wanaume, ikaanza kumpunguzia alama mtu aliyeandika, kwa mfano, kwamba alikuwa nahodha wa klabu ya wanawake ya sataranji. Kubaini kasoro ya namna hiyo, na kuthibitisha kwamba kipimo kinapima kile kinachodai kupima, ni kazi ya mwanasaikolojia wa kazini tangu zamani. Sheria nazo zinaelekea huko: tangu Julai 2023 jiji la New York linawataka waajiri wanaotumia zana hizo wazifanyie ukaguzi huru wa upendeleo, na hapa Kenya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomgusa kwa uzito.

Kwa upande wa tiba, wenzako wanaeleza jambo la zamani kuliko wanavyodhani, kwani mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alitangaza ELIZA, programu iliyoyageuza maneno ya mtu kuwa maswali, na watu wakaifungulia mioyo. Ninakubali kwamba wenye msongo mdogo, hasa wasiomudu ada ya mtaalamu, wataendelea kuikimbilia simu, na kliniki binafsi zitawakosa. Lakini chukua dodoso la PHQ-9 la kupima sonona. Lina maswali 9 na alama kuanzia 0 hadi 27, na kuzijumlisha hakuhitaji hata akili unde. Swali la 9 linauliza ni mara ngapi, katika wiki mbili zilizopita, mtu ameona afadhali afe au amewaza kujidhuru. Mgonjwa akijibu "siku kadhaa" huku akimtupia jicho mumewe aliyesimama mlangoni, anahitajika mtu wa kumwomba mume atoke, kuuliza zaidi, kisha kuamua na kuwajibika kwa uamuzi huo. Ndiyo maana jimbo la Illinois, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 2025 inayokataza akili unde kutoa tiba ya kisaikolojia, ingawa mtaalamu anaruhusiwa kuitumia katika kazi za kiofisi. Kwetu pia, Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inataka anayetoa huduma awe amesajiliwa.

Ukichagua saikolojia ya kazini, tafuta chuo kinachofundisha takwimu na uundaji wa vipimo kwa kina, hata kama hesabu hukuzipenda. Ukichagua tiba, kabla ya kulipa karo uliza utapata saa ngapi za kuhudumia wagonjwa chini ya msimamizi, na katika hospitali ipi.