Kuongeza sloti kwenye tovuti ya kubeti Tanzania

Ndugu, kabla ya kuunganisha sloti (michezo ya kasino ya kuzungusha alama) kwenye tovuti yako ya kubeti, hakikisha leseni: ile ya kubeti mpira haitoshi, kasino ya mtandaoni ina yake kutoka Bodi ya Michezo ya Kubahatisha.

Kila muamala uwe na namba ya kipekee. Mtandao ukikatika, seva ya mchezo hurudia ombi lilelile la kukata pesa. Usipokagua namba, mteja anakatwa mara mbili. Na ombi la kurudisha pesa likitangulia lile la kukata (hapa wengi hukwama), lihifadhi, kisha la kukata likija likatae.

Kikomo cha kuweka pesa kikaguliwe kwenye seva yako. Mteja akikishusha, kianze papo hapo. Akikipandisha, asubiri saa 24. Aliyejifungia akaunti ili asicheze asitumiwe SMS za bonasi kabisa, na zuio lifuate namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), si namba ya simu, maana laini mpya hupatikana kirahisi.