Midomo kivyake, sauti kivyake: majibu kwa wapenzi wa kauboi

SWALI: Shikamoo mzee. Nipo Chang'ombe hapa Dodoma. Juzi nimekaa na baba mdogo tunaangalia kauboi kwenye flashi yake, zile za zamani za Terence Hill na Bud Spencer, nikagundua midomo inaenda kivyake na sauti kivyake. Baba mdogo anasema flashi imezingua. Mimi nikamwambia hizi picha ni za Waitaliano, akabisha kabisa, ati jangwa lile ni Texas na hao jamaa ni Wamarekani. Tumewekeana dau la kilo ya nyama pale mnada wa Msalato. Nani analipa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Analipa baba mdogo, ila mkatie na yeye kipande maana kadanganywa na wenye picha wenyewe. Terence Hill jina lake ni Mario Girotti, kazaliwa Venice. Bud Spencer ni Carlo Pedersoli wa Napoli, na kabla ya kuzaba watu makofi alikuwa muogeleaji, kaenda Olimpiki ya 1952 na ya 1956. Hata dairekta Mwitaliano Sergio Leone, picha yake ya kwanza ya kauboi mwaka 1964, A Fistful of Dollars, alijiandika Bob Robertson, ili mtu akisoma bango aone ni mali ya Marekani.

Na jangwa la nyingi ya picha hizi ni Tabernas, mkoa wa Almería, kusini mwa Hispania. Bei rahisi, jua kali, vumbi la kutosha, yaani ungeongeza mibuyu miwili mitatu ningekwambia hapo ni njia ya Bahi.

Sasa hiyo midomo. Flashi ni nzima. Waitaliano enzi zile walikuwa wanashuti bila kujali sauti, dairekta anapiga kelele huku kamera inazunguka na kila mtu anaongea lugha ya kwao, Clint Eastwood, steringi wa hiyo ya 1964, Kiingereza, adui wake Gian Maria Volonté Kiitaliano, na wale Wahispania wa kupigwa risasi tu wanasema chao, alafu baadaye ndo wanaingia studio kupachika sauti. Kwa hiyo hata ukitafuta kopi ya Kiitaliano yenyewe, kuna mdomo utakaokataa.

Mimi naona hapo ndo utamu ulipozaliwa. Hela hakuna, hiyo ya 1964 ilitumia kama dola 200,000 hivi na Eastwood alilipwa 15,000. Mtunzi wa muziki Ennio Morricone, aliyesoma shule moja na Leone walipokuwa wadogo, akatumia mluzi, gitaa, mjeledi na kengele, na ule mluzi ni wa Alessandro Alessandroni. Maneno machache, macho yamejaa skrini nzima, jasho, inzi, kimya, kimyaaa, alafu pa! Nilikuwa naangalia kwenye kibanda cha video pale Majengo, Kiingereza hatujui hata kidogo na hakuna aliyeuliza nani kasema nini. Na steringi mwenyewe hajanyoa, anapigania hela, hana habari na sheria wala mchumba. Kauboi wa Kimarekani wa zamani alikuwa msafi mno kwangu, kama anaenda kanisani.

SWALI: Mzee wangu, mimi wa Mpwapwa. Ni kweli hiyo picha ya kwanza ya kauboi ya Leone waliiba stori?

JIBU: Kweli. Waliichota kwenye picha ya samurai, wale wapiganaji wa panga, ya dairekta Mjapani Akira Kurosawa ya 1961, wakatoa panga wakaweka bastola. Wajapani wakadai, yakaisha kwa kupewa asilimia 15 ya mapato ya dunia pamoja na haki ya kuiuza kwao Japani. Kurosawa mwenyewe inasemekana hiyo picha ya kauboi ilimuingizia hela kuliko ile ya kwake.