Barabara imetukata

Swali: Mhariri, barabara kuu imepita katikati ya mtaa wetu, shule nzuri na kliniki ziko ng'ambo, kuvuka mpaka uzunguke mbaali. Ni bahati mbaya tu?

Jibu: Bahati wapi ndugu yangu, kuna mtu alichora ramani akaona mtaa wenu ni njia tu ya magari ya wengine. New York, Marekani, walianza kujenga Cross Bronx Expressway, barabara kuu iliyokata mitaa ya watu, 1948, maelfu ya watu wakahamishwa, waliobaki wakaachiwa moshi na makelele. Medellín, Kolombia, walienda kinyume, 2004 wakaunganisha vitongoji maskini vya milimani na treni kwa magari ya kebo, yale yanayoning'inia kwenye waya angani. Nyie daini kivuko, ila kisiwe daraja la ngazi tupu, mama mwenye mtoto mgongoni na ndoo kichwani atapandaje?