Kuwasha pg_stat_statements kwenye kila seva mpya ya PostgreSQL: jibu langu

Mkuu, umeuliza kama timu yenu iwashe pg_stat_statements, kiendelezi kinachojumlisha takwimu za kila aina ya kweri (ombi linalotumwa kwenye kanzidata), kwenye kila seva ya kanzidata ya PostgreSQL mnayomwekea mteja, au msubiri hadi mteja alalamike kwamba mfumo unasuasua. Mimi nawasha tangu siku ya kwanza, kila mahali. Kiendelezi hiki hakiwashwi seva ikiwa kazini: lazima kiandikwe kwenye shared_preload_libraries, orodha ya maktaba zinazopakiwa seva inapowaka, kisha seva izimwe na kuwashwa upya. Na kinahesabu kuanzia hapo tu. Yaliyopita kabla yake hutayaona.

Kuna SACCOS nilikabidhiwa mfumo wake ambao kila mwisho wa mwezi, makato ya mikopo yakianza kupita, ulikuwa mzito hadi makarani wanasimamisha huduma dirishani. Kiendelezi hakikuwepo. Kuzima seva mchana haikuwezekana kwa sababu malipo ya simu yalikuwa yanaingia. Tuliwasha usiku, lakini msongamano wenyewe ulikuwa umeshapita, ikabidi tungoje mwisho wa mwezi mwingine. Huo ni mwezi mzima wa wanachama kupanga foleni juani kwa sababu ya mstari mmoja uliokosekana kwenye postgresql.conf, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Mwezi uliofuata nilipanga matokeo kwa total_exec_time (jumla ya muda wa utekelezaji) na mhusika akaonekana papo hapo: kweri ya kutafuta salio la mwanachama. Kila moja ilichukua milisekunde chache, ila ripoti ya makato iliiita upya kwa kila mstari. Logi ya kweri za polepole isingeikamata kamwe, maana log_min_duration_statement, kikomo cha muda ambao kweri ikiufikia ndipo inaandikwa kwenye logi, ilikuwa sekunde moja na hakuna hata moja iliyofika huko. Kinachoiangusha seva mara nyingi ni kweri fupi inayorudiwa mno, na bila hesabu ya jumla huioni.

Gharama yake? Kwa mifumo ya wateja wengi hutaihisi. Kinahifadhi aina 5000 za kweri usipobadilisha pg_stat_statements.max, na tangu toleo 9.4 maandishi ya kweri yanakaa kwenye faili, si kwenye kumbukumbu ya pamoja. Mashine yenye viini vingi vya prosesa (cores) inayopokea kweri fupi kwa wingi mno ndiyo inaweza kuonyesha mvutano, yaani kweri kusubiriana. Hiyo ipime kwanza. Angalia pia safu ya dealloc kwenye pg_stat_statements_info, iliyopo tangu toleo 14. Ikipanda kwa kasi, programu yenu inazalisha kweri za maumbo tofauti kupita kiasi, na takwimu zinafutwa kabla hujazisoma.

Upande wa faragha, thamani zilizomo ndani ya kweri za kawaida hubadilishwa kuwa alama kama $1, $2, tangu toleo 9.2, na mtumiaji wa kawaida haoni kweri za wenzake mpaka apewe jukumu la pg_read_all_stats. Lakini amri kama ALTER ROLE nazo hurekodiwa, na nenosiri lililoandikwa wazi ndani yake linaweza kubaki humo. Tumieni amri ya \password ya psql (programu ya kuandikia amri za PostgreSQL), ambayo hutuma nenosiri likiwa limeshafichwa.

Ila msichukue jibu hili kama ruhusa ya kuwasha kila kitu. pg_stat_statements inatazama tu, haigusi namna kweri inavyotekelezwa. JIT, yaani kukompaili sehemu za kweri wakati inatekelezwa, ni habari nyingine. Ilikuja kwenye toleo 11 ikiwa imezimwa, ikawashwa kwa wote kwenye toleo 12 mwaka 2019, na kweri ambayo mpangaji (sehemu ya PostgreSQL inayochagua njia ya kutekeleza kweri) ameikadiria gharama kubwa kuliko uhalisia inaweza kutumia muda mwingi kukompaili kuliko kufanya kazi yenyewe. Kinachobadilisha utekelezaji nakiwasha baada ya kupima kwa data ya mteja huyo huyo. Na auto_explain, moduli inayoandika kwenye logi mpango wa utekelezaji wa kweri, siiweki kabisa mwanzoni: msimamizi anaweza kuipakia kwa amri ya LOAD kwenye kipindi chake cha muunganisho bila kuzima chochote, halafu log_analyze yake, ikipima muda wa kila hatua, inaweza kuzipunguza kasi kweri zote.

Kwa seva zenu ambazo tayari ziko kazini, msiwazimie wateja kwa ajili ya hili. Andikeni mstari huo sasa, uanze kazi mtakapowasha upya kwa ajili ya masasisho madogo, ambayo kwa ratiba hutoka Februari, Mei, Agosti na Novemba. Amri ya CREATE EXTENSION, inayosajili kiendelezi, kwenye kanzidata moja inatosha kuona takwimu za seva nzima. Kabla ya yote hakikisheni kifurushi cha contrib, chenye viendelezi vya ziada kama hiki, kimewekwa, hasa kwenye jamii ya Red Hat ambako huja peke yake. Mstari ukiwepo na maktaba haipo, seva itakataa kuwaka.