Sebule inatazama magharibi, tuweke mlango gani AC isile umeme?

Swali: Injinia habari za kazi. Tunakarabati nyumba Mbezi Beach, tunataka kutoa mlango wa mbao wa sebuleni tuweke alumini ya kuslaidi, kioo kitupu, mita 2.4 kwa 2.1. Sebule inatazama magharibi. Fundi anasema tuweke kioo dabo, yani vioo viwili vyenye hewa katikati, ndo LUKU itakaa, ila bei imeruka mno. Ni kweli au tunapigwa?

Jibu: Nzuri dada. Fundi hajakudanganya, kioo dabo kinazuia joto kuliko singo, ila kwa upande huo mnaotazama hela mtakuwa mmeipeleka sipo. Ngoja tupige hesabu.

Mlango wako una kama mita 5 za mraba. Nje nyuzi 33, ndani mmeweka AC 25, joto linalopenya kwenye kioo singo kwa sababu ya hiyo tofauti ni kama wati 230 tu, na kioo dabo kitapunguza kama nusu yake. Sasa njoo kwenye jua lenyewe. Kuanzia saa 9 alasiri jua la Dar linapiga huo mlango usoni, siku ya jua kali ni kama wati 600 kwa kila mita ya mraba, na kioo cheupe kinapitisha karibu asilimia 80, kwahiyo sebuleni zinaingia wati 2,400 hivi. Kwa BTU, kile kipimo cha nguvu ya AC, hiyo ni 8,000 na kitu kwa saa, yani AC yako ya BTU 12,000 theluthi mbili ya nguvu yake inapambana na mlango tu! Na kioo dabo cheupe bado kinapitisha kama asilimia 70 ya hilo jua, ndo maana nasema hapana.

Hela wekeni kwenye kivuli, tena cha nje, maana pazia la ndani linapigwa na jua wakati joto limeshaingia. Kibaraza kinasaidia ila jua la jioni linakuja chini chini linapita chini ya paa, kwahiyo ongezeni luva za mbao au blaindi za nje zinazoshuka, au mti kama uwanja upo. Tinti ya kawaida inasaidia kiasi tu coz kioo chenyewe kinapata moto halafu kinautoa ndani. Kama lazima ununue kioo cha bei basi uliza kile maalum cha kurudisha jua.

Ila mimi ningekuwa wewe ningebaki na mbao, au nusu mbao nusu kioo. Mninga au mkongo uliokauka vizuri haupitishi jua kabisa na joto unapitisha kidogo sana ukilinganisha na fremu ya alumini. Mbao mbichi usikubali hata kwa ofa, ikikauka inapinda na nyufa zinafunguka.

Nyufa sasa, hapa watu wengi hawaangalii. Uwazi wa sentimita 1 chini ya mlango wa sentimita 90 ni sawa na kutoboa ukuta tundu la sentimita 9 kwa 10, na hewa yetu ya pwani inaingia na unyevu, AC lazima iukamue. Kila lita ya maji inayodondoka nje kwenye ule mpira wa AC imekula kama robo uniti ya umeme. Washa udi, zima feni, pitisha pembeni mwa mlango uliofungwa, moshi ukiyumba ujue hapo panavuja, weka raba kwenye fremu na brashi chini, ni bei ndogo sana. Hata wa kuslaidi mkiuchukua, kagueni brashi zake kabla hamjamlipa fundi hela ya mwisho, ukiusukuma usicheze cheze.

Hayo yote ni kwa chumba chenye AC. Jikoni kama mnapikia mkaa au gesi msizibe hivyo, mkaa unatoa gesi ya sumu isiyo na harufu, hewa lazima ipite.